Miaka Kwanza, Pesa Baadaye: Jinsi ya Kupima Mkataba wa Mshambuliaji Kijana wa Hoki

Kila mwaka msimu wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ukiisha, swali huja lile lile. Linatoka kwa ndugu zetu wa Ottawa, Edmonton na Minneapolis walioipenda hoki ya barafu, na siku hizi hata kwa wazazi ambao watoto wao wanaicheza. Kuna kijana wa miaka 21 au 23, mshambuliaji mwenye mwili, anayepiga watu vikumbo mpaka ukuta unatikisika. Mkataba wake wa kwanza umekwisha. Apewe miaka mingapi, na kwa pesa ngapi?

Wengi huanza na pesa. Husoma "milioni saba kwa mwaka", wakashangilia au wakalaani, kisha basi. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio: tazama miaka kwanza, pesa baadaye. Kwa mchezaji anayeishi kwa kugongana na watu, umri atakaokuwa nao mkataba unapokwisha ndio utakaoamua kama klabu ilinunua mali au mzigo. Hizi hapa hatua ninazozifuata mwenyewe.

Hatua ya kwanza: atakuwa na umri gani siku ya mwisho?

Chukua kalamu. Andika umri wa kijana leo, jumlisha miaka ya mkataba. Jibu likiangukia 27 hadi 30, endelea kusoma kwa moyo mweupe. Likivuka 33, kaa chonjo, hata kama pesa inaonekana ndogo.

Tazama mikataba mitatu. Mwaka 2013 Toronto ilimpa David Clarkson dola milioni 36.75 kwa miaka 7. Alikuwa na miaka 29. Mwaka 2016 Edmonton ilimpa Milan Lucic milioni 42 kwa miaka 7, naye alikuwa na 28. Mwaka 2025 Toronto ilimpa Matthew Knies milioni 46.5 kwa miaka 6. Knies alikuwa na miaka 22.

Ukilinganisha kila mmoja na kiwango cha juu cha mishahara kilichoruhusiwa kwa klabu msimu mkataba wake ulipoanza, wote watatu walichukua karibu asilimia 8. Bei ni moja. Lakini mkataba wa Clarkson ulipangwa kumfikisha miaka 36, wa Lucic 35, na wa Knies unamfikisha 28.

Clarkson alifunga mabao 5 katika mechi 60 za msimu wake wa kwanza Toronto, na kabla msimu wa pili haujaisha alikuwa ameshapelekwa Columbus. Lucic alianza vizuri kwa mabao 23, yakashuka hadi 10, kisha 6, na Edmonton ikambadilisha na James Neal wa Calgary huku ikikubali kuendelea kubeba sehemu ya mshahara wake. Hawakuwa wachezaji wabaya. Clarkson aliwahi kufunga mabao 30 akiwa New Jersey, na Lucic alishinda Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, akiwa na Boston mwaka 2011. Ila klabu zilizowasaini zilinunua miaka ambayo mwili uliokwisha kupigwa sana haukuweza kuilipa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Knies ni Clarkson mwingine", mwulize amehesabu umri au hajahesabu.

Hatua ya pili: geuza dola kuwa asilimia

NHL ina kikomo cha mishahara kwa kila klabu. Jumla ya mkataba hugawanywa kwa idadi ya miaka, na wastani huo ndio unaohesabiwa kwenye kikomo kila msimu, hata kama pesa halisi inayolipwa hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka.

Kikomo hakikai mahali pamoja. Wakati wa korona kiliganda kwenye dola milioni 81.5 kwa misimu mitatu. Msimu wa 2024–25 kilikuwa milioni 88. Mwanzoni mwa 2025 ligi na chama cha wachezaji wakatangaza kwamba kitapanda hadi 95.5, kisha 104, kisha 113.5 katika msimu wa 2027–28.

Maana yake kwa mkataba wa Knies ni hii: milioni 7.75 ni asilimia 8.1 ya kikomo katika mwaka wa kwanza, na kufikia mwaka wa tatu imeteremka chini ya asilimia 7, bila yeye kupunguziwa hata senti. Klabu inayompa kijana mkataba mrefu wakati kikomo kinapanda inanunua kwa bei ya leo bidhaa ya kesho.

Jambo hilo hilo ndilo onyo kwa upande wa mchezaji. Kijana anayejifunga miaka 7 au 8 leo anaweza kufika mwaka wa tano akiwa analipwa chini ya wenzake wasiomfikia. Si lazima iwe kosa, kwani usalama nao una thamani. Lakini afanye hivyo akijua.

Usilinganishe dola za 2016 na dola za 2025 kana kwamba ni kitu kimoja. Nusu ya ubishi ninaousikia unatokana na hapo tu.

Hatua ya tatu: vikumbo vihesabiwe mwisho

Hapa ndipo mapenzi hutupofusha. Kikumbo kinaonekana, kinasikika, kinasimamisha uwanja mzima. Lakini kumbuka mambo mawili. Kwanza, anayepiga kikumbo kwa kawaida ni yule asiye na kisahani, yaani ile "puck" inayosukumwa kwa magongo. Mwenye nacho hana sababu ya kumgonga mtu. Timu inayopiga vikumbo vingi mno inaweza kuwa timu inayokimbizana na mchezo usiku kucha. Pili, vikumbo huhesabiwa na binadamu walioajiriwa uwanjani, na kila uwanja una mkono wake wa kuhesabu.

Mambo ninayoyatafuta kabla ya vikumbo ni haya:

- Anacheza dakika ngapi wakati timu zimekamilika, na anacheza na nani? Akiwa pamoja na nyota wawili, toa kidogo kwenye mabao yake.
- Kocha humpeleka barafuni wapinzani wanapopungukiwa mtu? Hapo ndipo mabao ya mshambuliaji mkubwa hupatikana.
- Anasababisha wapinzani watolewe mara ngapi, ukilinganisha na mara anazotolewa yeye?
- Akimgonga beki pembeni, kisahani kinabaki kwa nani?

Swali hilo la mwisho ni la kutazama kwa macho. Tafuta mchezo mzima, achana na video za dakika mbili za vikumbo vilivyochaguliwa. Mfuate kijana mmoja tu. Mwangalie anaposimama mbele ya goli: beki anamsukuma mgongoni kwa gongo, mara ya kwanza, mara ya pili, naye hageuki kugombana. Miguu imepanuka, ncha ya gongo imelala barafuni, macho yako kwa mwenzake anayepiga kutoka mbali. Kisahani kinakuja, anakigusa tu kidogo, kinabadili njia, kipa ameachwa. Huyo mlipe. Yule anayemgeukia beki ili wapigane wakati kisahani kinakuja, mpe miaka miwili kwanza umwone.

Mkataba mfupi au mrefu?

Majira yale yale Knies aliposaini, Will Cuylle wa New York Rangers alisaini milioni 7.8 kwa miaka 2 tu. Naye ni mshambuliaji mwenye nguvu, wamezaliwa mwaka mmoja. Msimu wake ulikuwa mzuri: mabao 20, pasi 25 za mabao, na vikumbo zaidi ya 300. Kwa nini mmoja apate miaka 6 kwa milioni 7.75 na mwingine miaka 2 kwa milioni 3.9?

Kwa sababu Knies alikuwa na mabao 29 na pointi 58, akicheza mstari wa juu. Tena Toronto iliogopa klabu nyingine isije ikamwekea ofa. Cuylle alikuwa ndiyo kwanza amefikisha mabao 20. Mkataba huu mfupi, uitwao wa mpito, ulimpa nafasi ya kuthibitisha, ukaipa klabu nafasi ya kupumua. Mikataba yote miwili ina mantiki, ndiyo maana hakuna jibu moja linalomfaa kila kijana.

Mkataba mfupi unafaa pale:

- alipofanya vizuri msimu mmoja tu, na huna uhakika kama ni yeye au ni bahati ya mwaka ule;
- anapocheza dakika chache na unaamini zitaongezeka;
- klabu haina nafasi chini ya kikomo, na kijana yuko tayari kusubiri.

Dylan Holloway ni mfano mzuri wa kundi la pili. Mwaka 2024 St. Louis ilimwekea ofa ya miaka 2 kwa takriban milioni 2.3 kwa mwaka. Edmonton haikulingana na ofa hiyo, ikapokea chaguo la raundi ya tatu katika uteuzi wa vijana wapya kama fidia. Msimu uliofuata Holloway alipewa dakika akafunga mabao 26 na kumaliza na pointi 63. Angesaini miaka 6 kwa bei aliyokuwa nayo Edmonton, angekuwa amejiuza kwa hasara.

Lakini kwa klabu, mkataba wa mpito una meno. Calgary ilimpa Matthew Tkachuk miaka 3 kwa milioni 21 mwaka 2019, na mshahara wa mwaka wa mwisho ukawekwa milioni 9. Katika mwaka huo wa mwisho akafunga mabao 42 na kupata pointi 104. Akaijulisha klabu kwamba hatasaini mkataba mrefu, ikabidi wamtoe. Alikwenda Florida na mkataba wa milioni 76 kwa miaka 8, na tangu hapo ameshinda Kombe la Stanley mara mbili. Mdogo wake, Brady, alikuwa amesaini Ottawa miaka 7 kwa takriban milioni 8.2 kwa mwaka, mwezi Oktoba 2021. Wakati ule kuna waliosema Ottawa wamelipa mno. Kikomo kilipoanza kupanda, maneno hayo yalipungua.

Msimamo wangu ni huu: kama kijana hajafika miaka 24, anacheza mstari wa juu, na kocha anamtumia wapinzani wanapopungukiwa, klabu impe miaka mingi na isiogope. Kama sifa yake kubwa bado ni vikumbo, mkataba uwe mfupi.

Ni miaka gani inayouzwa?

Si kila mwaka wa mkataba una thamani sawa. Mchezaji huwa huru kabisa kwenda atakako akifikisha miaka 27 au misimu 7 ya NHL, lolote litakalotangulia. Kabla ya hapo klabu yake bado ina haki naye. Kwa hiyo ukiutazama mkataba wa kijana wa miaka 22, ugawe sehemu mbili: miaka ambayo klabu ingemshika hata hivyo, na miaka ya uhuru anayoiuza. Ya pili ndiyo ya ghali.

Tom Wilson wa Washington anaonyesha jinsi jambo hili linavyokwenda. Mwaka 2016 alisaini miaka 2 kwa milioni 4 jumla. Mwaka 2018, baada ya kushinda Kombe la Stanley, akapewa milioni 31 kwa miaka 6. Watu walipiga kelele, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye msimu wa mabao 14. Msimu uliofuata akafunga 22, ingawa alikuwa amefungiwa mechi 20 kwa kumgonga Oskar Sundqvist, adhabu iliyopunguzwa baadaye hadi 14. Klabu ilinunua miaka ya 24 hadi 30, yaani ile ambayo mshambuliaji wa aina hiyo huwa na nguvu na akili kwa pamoja.

Mkataba wake wa sasa, wa milioni 45.5 kwa miaka 7, ni habari nyingine. Ameanza nao kwa kishindo, mabao 33 katika msimu wa 2024–25. Lakini utamfikisha miaka 37, na ile miaka ya mwisho mitatu ningeiogopa ningekuwa mimi ninayelipa.

Makosa ninayokutana nayo mara kwa mara

1. Kumlipa kwa ajili ya mchujo mmoja. Wiki sita za Aprili na Mei hazitoshi kununua miaka minane.
2. Kumlinganisha mwenye miaka 22 na mchezaji aliyesaini akiwa huru. Hata wasuluhishi wa mishahara wa NHL hawaruhusiwi kutumia mikataba ya wachezaji huru kama kipimo cha mchezaji ambaye bado hajawa huru.
3. Kusahau majeraha. Josh Anderson alitoka kwenye msimu wa bao 1 katika mechi 26 na bega lililofanyiwa upasuaji, Montreal ikampa miaka 7 kwa milioni 5.5 kwa mwaka. Amekuwa wa manufaa, ila mabao yake hayajawahi kufika bei hiyo kwa mfululizo. Kuna msimu alifunga 9.
4. Kudhani anayepigana sana ndiye anayewalinda wenzake. Kufungiwa mechi ni mechi ambazo hayupo. Clarkson alianza maisha yake Toronto kwa kufungiwa mechi 10 kwa sababu aliruka kutoka benchi kwenda kuingilia ugomvi.

Kwa familia yenye kijana mezani

Kama ni mwanao au mdogo wako anayesaini, usiishie kwenye idadi ya mamilioni. Wakala atakusomea, lakini uliza mwenyewe:

- Klabu ikiuvunja mkataba, atalipwa kiasi gani? Mchezaji ambaye hajafika miaka 26 hupata theluthi moja tu ya mshahara uliobaki. Akishafika 26 hupata theluthi mbili. Malipo husambazwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Wengi hawajui kwamba kijana ndiye mwenye ulinzi mdogo.
- Sehemu gani ni bonasi ya kusaini? Bonasi haiguswi mkataba unapovunjwa. Ukiweza kuipata, hasa kwenye miaka ya mwisho, ni kinga.
- Anaweza kukataa kuhamishwa? Kifungu hicho huruhusiwa tu kwa miaka ambayo angekuwa huru. Hii ni sababu mojawapo ya kutokuuza miaka hiyo bila kupata kitu.
- Mshahara wa mwaka wa mwisho ni upi? Kama bado atakuwa chini ya haki za klabu, ofa atakayopewa ili wambakize huanzia kwenye mshahara huo, ingawa kwa mikataba iliyosainiwa baada ya makubaliano ya 2020 haizidi asilimia 120 ya wastani wa mkataba. Matthew Tkachuk, kabla ya ukomo huo, aliutumia vizuri.
- Kinachobaki mkononi ni kiasi gani? Florida, Texas, Nevada na Tennessee hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara. Ontario na Quebec zinatoza, tena si kidogo. Ligi nayo hushikilia sehemu ya mshahara mpaka hesabu za mapato zifungwe, na wakala ana chake.

Tena mwambieni kijana wazi: akifungiwa mechi, halipwi. Mtu anayecheza kwa mwili anapaswa kulihesabu hilo kama mfanyabiashara anavyohesabu kodi ya pango.

Na mwili wenyewe? Mkataba wa NHL hulipwa hata akiumia mchezoni, na klabu haiwezi kuuvunja akiwa bado majeruhi. Kwa mshambuliaji wa vikumbo hii ni hoja nzito ya kuchukua miaka mingi, hata kama pesa ya kila mwaka inapungua kidogo. Mimi ningekuwa mzazi wa kijana ambaye bega limeshawahi kutoka, ningechukua miaka.

Mnayonibishia

*"Bila mbabe, timu huonewa kwenye mchujo."* Kweli kabisa, na Florida wameshinda 2024 na 2025 kwa mchezo wa nguvu. Lakini angalia walivyomlipa Sam Bennett. Mwaka 2021, akiwa na miaka 25, alisaini miaka 4 kwa takriban milioni 4.4 kwa mwaka. Mkataba huo mdogo ndio uliowaletea makombe mawili. Ule wa miaka 8 kwa milioni 64 ulikuja mwaka 2025, baada ya kufunga mabao 15 katika mchujo na kutajwa mchezaji bora wake. Unamfikisha miaka 37. Ushindi umeshapatikana, na deni la uzee wamelikubali wakijua.

*"Mkataba mrefu unamfanya kijana abweteke."* Wako wanaobweteka. Ila anayebweteka kwa miaka 7 dalili zake zilionekana mapema: anachelewa kurudi nyuma kukaba, anabadilisha zamu akiwa hajachoka. Ukiziona, tatizo si urefu wa mkataba, usimsaini hata miaka mitatu.

*"Mbona miaka 8 haitajwi tena?"* Makubaliano mapya kati ya ligi na wachezaji, yanayoanza kazi Septemba 2026, yanashusha ukomo hadi miaka 7 kwa klabu inayombakiza mchezaji wake, na 6 kwa klabu nyingine. Kwa kijana wa miaka 22 mabadiliko haya si makubwa. Kwa mwenye miaka 29 ni makubwa sana, na kwa maoni yangu ni ya heri kwa klabu zenye moyo mwepesi.

Angalia kalenda

Kuanzia tarehe 1 Julai klabu nyingine zinaruhusiwa kumwekea ofa kijana ambaye hajasaini. Wanaostahili usuluhishi wa mshahara huamuliwa baada ya hapo, na uamuzi wake hauzidi miaka miwili, kwa hiyo anayetaka mkataba mrefu lazima aupate kwa mazungumzo. Septemba kambi hufunguliwa. Asiye na mkataba hubaki nyumbani, na hapo ndipo pande zote mbili huanza kulegea. Brady Tkachuk alisaini siku ile ile Ottawa ilipofungua msimu. Mwenye roho ngumu zaidi anaweza kusubiri mpaka tarehe 1 Desemba saa 11 jioni kwa saa za New York. William Nylander alisaini Toronto mwaka 2018 dakika chache kabla ya saa hiyo. Ikipita bila saini, mchezaji ambaye klabu bado ina haki naye hawezi kucheza NHL msimu huo wote.

Msifike huko. Kila wiki anayokosa Oktoba na Novemba ni mshahara unaopotea na dakika zinazochukuliwa na mwenzake, na mshambuliaji wa vikumbo anayeanza msimu Desemba, miguu haijazoea kugongana, ndiye anayeumia Januari.